Darasa la Kando ya Mtaro: Mafunzo ya Mtandaoni kwa Vikundi vya Barabara Shinyanga na Geita

Mhadhara wa umma, Kambarage, Shinyanga

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wahandisi wa TARURA na TANROADS, walimu wenzangu, nanyi akina mama na vijana wa vikundi mliokaa viti vya nyuma ilhali mada ni yenu:

Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko mikononi mwa wakala wa serikali, TARURA. Mtandao wake unazidi kilomita 144,000, na sehemu kubwa ni udongo na changarawe. Barabara ya namna hiyo greda huipitia kwa nadra, na siku zote za katikati huishi kwa jasho la watu wenye koleo, fyekeo na toroli. Wanafyeka majani, wanazibua mitaro, wanatoa mchanga uliojaa kwenye makalavati, wanaziba mashimo kwa moramu. Wilaya ya Mbogwe, kule Geita, ni miongoni mwa wilaya chache zilizoingizwa katika mpango wa RISE, unaotumia mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2021, na humo vikundi vya wananchi hupewa matengenezo ya kawaida kwa mkataba. Kwingineko vikundi vya aina hiyo vimetokana na kazi za ajira ya muda za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, au vimejiunda vyenyewe baada ya kusikia kwamba asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Kazi yenyewe nani amewafundisha?

Shule zipo, na ni nzuri. Wizara ya Ujenzi ina chuo Mbeya kinachofundisha ujenzi wa barabara kwa nguvukazi. Wakenya wanacho chao Kisii, kilichokulia katika mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974, na Waganda wanacho Mbale, chini ya Mlima Elgon. Vyote vitatu hufundisha kwa kujenga barabara kweli. Lakini kutoka Kishapu hadi Mbeya ni siku nzima ya basi, na kozi ni ya wiki kadhaa. Anayekwenda ni fundi sanifu wa halmashauri au mkandarasi mdogo. Mama mwenye mtoto mgongoni na ekari mbili za mpunga hawezi, na mitaro ya kijiji chake iko mikononi mwake yeye, wala si mwa fundi sanifu.

Ndiyo maana neno “mtandao” linapotajwa, wengi wetu tunachangamka. Simu zipo. Mei 2023 serikali ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Tangu Oktoba mwaka huo zabuni za umma zinapitia mfumo wa NeST, maana yake kikundi cha kufyeka majani kimekwisha kuitwa mtandaoni kuomba kazi. Kukiita huko huko kujifunza kazi kunaonekana jambo dogo. Pandisha video ishirini, weka maswali ya kuchagua, mwisho kompyuta imtolee mtu cheti.

Mpango wa namna hiyo siuungi mkono, na muda wangu mwingi leo nitautumia kueleza sababu.

Kosa lake la kwanza ni kumkusudia mtu mmoja mmoja. Mwaka 2016 mamlaka ya ufundi stadi, VETA, na kampuni ya simu ya Airtel walizindua VSOMO, programu ya simu ambayo mwanafunzi alisomea nadharia popote alipo, kisha akaenda kituo cha VETA kwa vitendo. Wazo lilikuwa zuri, nami nililishangilia. Lakini kozi kama ufundi wa pikipiki au wa simu humwandaa mtu anayetaka kufungua banda lake. Mtaro ni kazi ya kundi. Kama watu kumi na wawili wanachimba na mmoja tu ndiye aliyeona video, atakuwa na ubishi wa bure na wenzake kumi na mmoja mpaka jua lizame.

Nchi hii iliwahi kufundisha makundi kutoka mbali, tena kabla ya intaneti. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki kumi na mbili, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyeandaliwa na kijitabu cha kusoma. Kipindi kikiisha waliulizana: hapa kwetu hali ikoje? Kisha walikwenda kuchimba choo, kufukia dimbwi, kusafisha kisima. Redio ndiyo iliyosikika nchi nzima, lakini waliobeba mzigo ni wale viongozi wa vikundi, watu kama elfu sabini na tano, ambao wengi wao hawakuwa walimu kwa taaluma.

Hebu tuichukue sura ile tuilete barabarani. Kikundi kinakutana mahali pake pa kazi saa moja asubuhi. Kiongozi anawasha somo la dakika sita kwenye simu iliyounganishwa na spika ndogo, zile za kupigia muziki bodaboda. Wanasikiliza, wanabishana, wanashika zana. Jioni wanapiga picha tatu za walichofanya, na fundi sanifu wa TARURA anazitazama na kuwajibu kwa ujumbe wa sauti. Somo la kesho linaanzia kwenye kosa la leo. Na somo si lazima litoke hewani. Bando ni ghali na mtandao hukatika, lakini kila gulio lina kijana anayechaji simu na kujaza nyimbo na muvi kwenye memori kadi. Masomo yote yanaweza kukaa kwenye kadi moja na kupitia kwa kijana huyo huyo. Mwenye simu ya kitochi naye atasikiliza sauti bila picha.

Sasa nije kwenye kosa la pili, la kuusahau udongo, maana hapa ndipo video ya kutoka mbali inaweza kuleta hasara.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka juu ya kilima hadi bondeni, na Usukuma ulikuwa mfano mmoja mzuri wa mpangilio huo. Wakulima wa hapa walikuwa na majina yake tayari: luseni, mchanga wa miinukoni, itogolo na ibambasi, ule mgumu wa chini ya miteremko, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Barabara moja ya kijiji, kilomita tano tu, inaweza kuzipita aina zote hizo. Kila aina ina matengenezo yake.

Kwenye luseni adui ni maji yanayokimbia. Mtaro ambao mteremko wake unazidi asilimia 4 au 5 unahitaji vizuizi vya mawe au vigingi vya kupunguza kasi, la sivyo mvua moja itaugeuza korongo. Majani ya kwenye kingo za mtaro yakatwe yawe mafupi, yasing'olewe, kwa sababu mizizi ndiyo inayoshika mchanga. Vikundi vingi hufanya kinyume: wanapalilia mtaro ukawa mweupe kama uwanja wa nyumba, na mkaguzi anawasifu kwa usafi.

Kwenye mbuga mambo yanageuka. Udongo mweusi hufura ukilowa na hupasuka ukikauka. Kiangazi mguu wa ng'ombe unaweza kunasa kwenye ufa. Maji yakituama kando ya tuta hupenya chini ya barabara, na mvua zikiisha ukingo hukauka kabla ya katikati. Hapo utaona ufa mrefu ukifuata barabara, nusu mita kutoka ukingoni. Sasa, masomo mengi ya jumla yanasema mtaro uliojaa uchimbwe uwe na kina. Ukiufuata ushauri huo kwenye mbuga, ukachimba shimo refu lenye kingo zilizosimama mguuni mwa tuta, umeyakaribisha maji pale pale yasipotakiwa. Mtaro wa mbugani hukaa mbali na tuta, huwa mpana na wa kina kifupi, kingo zake zimelazwa, na maji huelekezwa upesi kwenda shambani kwa michirizi ya kutokea. Na mti usiachwe ukue karibu na tuta, hata ukiwa na kivuli kizuri, kwa sababu mizizi hunyonya maji na kuukausha udongo upande mmoja. Najua kusema hivi Shinyanga, mkoa uliopanda miti na kurudisha ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, tangu mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, wa mwaka 1986, ni kutafuta ugomvi. Miti tupande, hatua kadhaa kutoka hapo.

Kwa hiyo naomba masomo yapangwe kwa udongo, na majina ya udongo yawe yale ya mkulima. Mwanakikundi akisikia “leo ni somo la mbuga” anajua kipande gani cha barabara yake kinazungumzwa. Video zipigwe Kishapu, Msalala, Nyang'hwale na Mbogwe, zikionyesha toroli na jembe wanavyovijua, na ziwe na sauti ya Kisukuma, na ya Kisumbwa kwa wenzetu wa Mbogwe na Bukombe, pamoja na Kiswahili.

Lipo pia somo la kupima mgongo wa barabara, ambalo naliona mama wa masomo yote. Barabara yenye upana wa mita 5, ukitaka mteremko wa asilimia 6 kila upande, katikati yake iwe juu ya ukingo kwa sentimita 15. Ni hesabu ya mita mbili na nusu mara sentimita sita za kila mita, basi. Zana yake ni ubao ulionyooka wenye mguu mmoja na pima maji, na seremala yeyote wa Kambarage atautengeneza asubuhi moja. Kikundi chenye ubao huo kinaweza kumwambia mwendesha greda kwamba amelaza barabara. Nimeona wahandisi wakikunja uso wakisikia hilo.

Usalama nitaugusa kidogo, si kwa kuwa ni mdogo. Barabara za ukanda wa dhahabu zina malori yanayobeba mawe kwenda kwenye makarasha, na madereva wake hawatarajii kukuta watu wameinama mtaroni. Vizibao vya kung'aa na vibao vya tahadhari vitolewe kabla ya somo la kwanza.

Mtaniambia: Wamarekani wanafundisha mafundi wa barabara za wilaya zao kwa mtandao, mbona sisi tusifanye vivyo hivyo? Ni kweli. Walianzisha mpango wa taifa wa kusaidia barabara za vijijini mwaka 1982, na leo kila jimbo lina kituo chake chenye masomo mtandaoni. Lakini mpango ule ulikua kwa walimu waliozunguka na gari, wakienda yadi kwa yadi, na wenye mtandao mzuri kuliko wetu bado hawajaacha kumtuma mwalimu akatazame kazi kwa macho. Nasi tuwe na mwalimu mmoja wa kuzunguka kwa kila wilaya, mwenye pikipiki na ubao wa kupimia. Azuru mara mbili: Septemba au Oktoba makalavati yakiwa makavu, na tena baada ya mvua za kwanza za Novemba, kuona maji yalipita wapi. Hiyo ziara ya pili ndiyo mtihani. Maswali ya kuchagua kwenye simu sitayahesabu kuwa mtihani.

Kuna jambo la ukanda huu ambalo waandaaji wa mafunzo huko Dodoma wanaweza wasilione. Kukizuka rashi ya dhahabu, kikundi cha vijana kinaweza kuyeyuka kwa siku tatu. Simlaumu kijana, siku moja machimboni yaweza kumpa kipato cha mwezi wa mtaroni, ingawa kwa wengi haimpi kitu. Kwa hiyo mafunzo yatakayomhitaji mtu yule yule kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho yatakwama. Kila somo lijitegemee, anayerudi aingie alipokuta wenzake. Na iwepo sababu ya kurudi: VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi alioupata mtu kazini, wa kumpima na kumpa cheti. Utumike kwa kazi za barabara, mtu apimwe kwenye mtaro wake, ili cheti chake kisomeke Kahama hata Mwanza.

Nimalizie na fedha, kwa sababu wenye viti vya nyuma wanasubiri hapo. Saa za kujifunza ni saa za kazi. Dakika arobaini za kusikiliza na kubishana asubuhi ni mita kadhaa za mtaro ambazo hazikuchimbwa, na kikundi kinacholipwa kwa mita kitazikwepa, tena kwa haki. Napendekeza mchanganuo wa bei katika mkataba wa kikundi uwe na mstari wa mafunzo, kama ulivyo mstari wa kufyeka na wa kuzibua kalavati, ulipwe picha zikishapokelewa na mwalimu wa kuzunguka akishaweka saini. Halmashauri zenye migodi mikubwa hazina pa kuanzia kulia: zinapokea ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mapato ya mgodi, na sheria ya madini, baada ya marekebisho ya 2017, inawataka wenye leseni wakubaliane nazo mpango wa kila mwaka wa kuchangia jamii. Katika mipango hiyo tunaona madarasa, zahanati na madawati. Mwalimu mmoja wa barabara na pikipiki yake, kwa mwaka mzima, ni gharama ndogo kuliko kalavati moja kubwa likisombwa. Madiwani wa Geita na Msalala mliopo hapa, vikao vya bajeti vinakuja. Mstari huo mnaweza kuuandika ninyi.