Kivuli na Mwenye Kivuli: Falaji za Ibra na Injini za Kanuni

Leo tunaanzia Ibra, mkoa wa Sharqiyah Kaskazini nchini Oman, mji unaofahamika vyema na wengi miongoni mwenu ambao wazee wao walitoka pande hizo kwenda Unguja na mrima.

Mitende ya Ibra hunyweshwa kwa falaji, yaani mifereji inayoleta maji kwa nguvu ya mteremko peke yake. Falaji zipatazo 3,000 zingali zikitumika nchini Oman, na tano miongoni mwao ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hayo hugawiwa kwa muda. Kipimo chake ni athari, takriban nusu saa. Kwa desturi, mchana zamu ilipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota.

Sasa tuchukue mfano. Mwenye athari mbili amefariki dunia, na haki yake imewarudia mjane na watoto, lakini daftari la falaji halijabadilishwa. Zamu inafika, maji yanafunguliwa kwa wakati wake, nayo yanakwenda kwa jirani aliyekuwa akikodi kwa marehemu, ilhali mkataba wake umekwisha. Kanuni haina kosa. Daftari ndilo lililochelewa, na mitende ya mayatima ndiyo inayokauka.

Wasikilizaji, mushkeli huo huo huwakabili waandishi wa programu za kompyuta wanaotumia injini za kanuni. Injini hiyo hupewa kanuni za namna ya "ikiwa hivi, basi vile", pamoja na taarifa za kuzipimia. Nyingi hutumia njia iitwayo Rete, neno la Kilatini lenye maana ya wavu, iliyobuniwa na Charles Forgy wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, katika miaka ya 1970. Injini ya Rete haianzi hesabu upya kila mara. Huhifadhi yale iliyokwisha kuyalinganisha, ikapima tu kile ilichoarifiwa kuwa kimebadilika. Humo ndimo ulimo wepesi wake, na hatari yake pia: salio la akaunti likibadilika ndani ya programu pasi na injini kuarifiwa, mkopo waweza kuidhinishwa kwa salio la jana.

Ernest Friedman-Hill, aliyeanza kuandika injini ya Jess katika maabara ya Sandia mwaka 1995, aliiita taarifa inayowakilisha kitu cha programu "taarifa kivuli". Vivuli hivyo ni vya aina mbili. Cha kwanza ni kama picha iliyopigwa mara moja. Hubaki vile vile mpaka kiburudishwe. Cha pili hufuata mwendo, kwani kitu chenyewe hutoa habari kila sifa yake inapobadilika. Katika injini ya Drools, mwandishi wa programu hulazimika kuiambia injini waziwazi kwamba kitu fulani kimebadilika.

Basi mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, badiliko na tangazo lake viwe mahali pamoja katika programu, ili asipatikane wa kufanya la kwanza akasahau la pili. Pili, lisitangazwe lisilobadilika, maana kanuni inayotangaza kile kile inachokipima yaweza kujiamsha yenyewe bila ukomo. Tatu, kilichoondoka kifutwe. La sivyo injini itaendelea kumhesabu marehemu kuwa hai.

Kivuli cha kijiti kilimfaa mpima zamu kwa sababu hakikuachana na jua. Daftari halina bahati hiyo. Humngoja mtu aje aandike. Kwa hiyo, anayeunda injini ya kanuni na aulize mapema: mambo yakibadilika, nani atakayeiarifu?