Pikipiki ya Kwanza, na Jinsi ya Kuichagua

(Mazungumzo mbele ya wanachama wa Kitengela na Kajiado)



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya kununua pikipiki, kwa kuwa wanachama wengi wanaomba mikopo kwa ajili hiyo, na wengi wao hawajapata kuendesha pikipiki hata siku moja. Sababu za kuitaka twazijua sote. Kodi ya nyumba za Nairobi ndiyo iliyotusukuma tukahamia Kitengela. Zamu ya alfajiri haingojei matatu ijae, na anayetoka zamu usiku hukuta stendi tupu. Wenzetu wengine kazi yao iko kando ya ile njia ya zamani itokayo Konza kupita Kajiado hadi Magadi, iliyochukua soda kwa zaidi ya miaka mia moja, na huko matatu haziendi kila mahali. Basi hatukuja kumkataza mtu. Tumekuja kusema kwamba pikipiki ya kwanza yafaa ichaguliwe kwa mambo matatu: mguu wako, njia yako na mfuko wako. Anayechagua kwa jicho peke yake, akipendezwa na rangi na mlio, huwatia hatarini wengi pamoja naye, nasi tutaeleza jinsi gani.

Tuanze na mguu. Ingia dukani, panda pikipiki ikiwa imezimwa, ukae kitako sawasawa. Nyayo zako mbili zifike chini pamoja, au angalau vidole vya miguu yote miwili vikanyage kwa nguvu. Ikiwa unafikia kwa mguu mmoja tu, huku mwili umeinama, hiyo haikufai kwa sasa, hata kama jirani yako anaisifu. Mtu anayejifunza haanguki sana katika mwendo wa kasi. Huanguka akisimama, akigeuka polepole, au akirudi nyuma kwenye mteremko. Hapo kinachomwokoa ni mguu kufika chini.

Kisha shuka, uishike mpini, uisukume hatua ishirini kwenda na kurudi. Pikipiki nyingi za kazi tunazoziona hapa, za cc 100 hadi 150, zina uzito upatao kilo 105 hadi 130. Si mzigo wa kutisha, lakini ikilala chini matopeni usiku huna wa kukusaidia. Mwombe mwenye duka akuonyeshe namna ya kuiinua, nawe uiinue mwenyewe mbele yake. Dada zetu, na sisi wafupi, tusione haya kufanya hivyo. Anayekucheka dukani hatakuwapo siku utakapoangukia kichakani.

La pili ni njia. Hapa hatuna budi kutofautisha, maana si wote tunaokwenda mahali pamoja. Anayelala Kitengela na kufanya kazi Athi River ana safari fupi, na kwa barabara ile yenye magari mengi mwendo wake ni wa polepole. Huyo injini ya cc 100 yamtosha kabisa: ni nyepesi, hainywi mafuta mengi, na ni mwalimu mzuri. Lakini anayetoka Kitengela kupitia Isinya hadi Kajiado ana karibu kilometa 50 za barabara ya Namanga, nyingi zikiwa tambarare tupu yenye upepo wa ubavuni. Malori makubwa hupita hapo mchana na usiku. Lori likikupita huusukuma upepo mbele yake, na likiisha kupita upepo huo hukuvuta. Pikipiki dhaifu hupitwa na kila gari, na kila kupitwa ni hatari. Tena nchi yetu iko juu. Kajiado ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa safari hiyo twashauri cc 125 au 150 ya namna ya kazi, ile yenye mpini wa juu na kiti cha kukaa wima.

Zile za mwendo wa mashindano, zenye mpini wa chini na injini kubwa, si za kujifunzia. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Watu wa reli hatuhitaji kuambiwa hayo zaidi. Twajua garimoshi lenye mzigo husimama mbali na pale dereva alipofunga breki.

Uangalie pia mwisho wa safari yako, yaani kutoka lami hadi mlangoni. Sehemu nyingi za Kitengela ziko juu ya udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, udongo ule hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Kwa hiyo tazama nafasi iliyopo kati ya tairi ya mbele na madigadi yake: kama vidole viwili havipiti, matope yatakushinda. Tairi ya nyuma iwe na meno ya kutosha. Anayekwenda kwenye changarawe na mawe upande wa Magadi atake magurudumu ya spoki badala ya yale ya kumiminwa, kwa sababu spoki ikipinda fundi huinyosha au huibadilisha, bali gurudumu la kumiminwa likipasuka hununuliwa jipya.

Juu ya reli yenyewe tuseme neno, ingawa ni ajabu kuwaambia ninyi. Chuma kilicholowa huteleza kama samaki. Pale barabara inapokata reli, punguza mwendo kabla ya kufika, nyosha pikipiki, uikate reli kama msalaba. Ukiikata kwa upande, tairi hufuata chuma, nawe hutupwa. Na jioni, ng'ombe, mbuzi na punda wa wenyeji wetu Wamaasai wanaporejea bomani, taa nzuri ni bora kuliko injini kubwa. Washa taa ya pikipiki dukani, uitazame ukutani, uone kama inaangaza mbali au inamulika tairi lake tu.

Wengine watauliza, je, tununue ya kampuni gani? Jibu letu ni kwamba uende stendi ya bodaboda iliyo karibu nawe ukahesabu. Utaona Bajaj Boxer na TVS kwa wingi. Pikipiki inayotumiwa na wengi mahali pako ndiyo ambayo fundi wa pale anaijua na spea zake zinapatikana bila kwenda mjini. Hata pikipiki za umeme zimeanza kuenea nchini, na kwa wengine zitafaa. Lakini kwanza ujue betri yako utaichaji au kuibadilisha wapi kule unakokwenda, na kama itakufikisha na kukurudisha.

Anayetaka iliyokwisha kutumika aende pamoja na fundi wake, si fundi wa muuzaji. Aguse injini kabla haijawashwa: ikiwa ni ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, huenda ili kuficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Moshi wa rangi ya samawati maana yake injini inakula oili. Mtu mmoja aiendeshe polepole, mwingine amtazame kutoka nyuma: magurudumu mawili yafuate mstari mmoja. Yasipofuata, huenda fremu imepinda, nayo iliwahi kuanguka vibaya. Namba za fremu na za injini zisomwe na kulinganishwa na zile za logibuku. Na ikiwa katika logibuku kuna jina la mkopeshaji pamoja na la muuzaji, fahamuni kwamba deni bado lipo, na pikipiki hiyo inaweza kuchukuliwa mikononi mwako. Msilipe mpaka umiliki uhamishwe kwa njia ya NTSA.

La tatu ni mfuko. Mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, na tangu hapo zikaenea nchi nzima. Pamoja nazo wakaja wakopeshaji wa malipo ya kila siku. Tufanye hesabu, iwe mfano tu. Tuseme pikipiki bei yake taslimu ni Sh. 170,000. Mkopeshaji akuambia: lete Sh. 25,000, kisha Sh. 450 kwa siku, kwa siku 540. Fedha 450 ni ndogo, mtu aweza kuila kwa chai na chakula cha mchana. Lakini 450 mara 540 ni Sh. 243,000. Ongeza zile 25,000, jumla ni Sh. 268,000. Umelipa Sh. 98,000 zaidi ya bei. Sasa tuseme umekopa zile 170,000 katika Sacco, kwa miezi 24, faida asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Faida yote ni Sh. 21,250. Ndugu zetu, tofauti hiyo ni karo ya mtoto. Kila mtu aulize bei ya mwisho, si bei ya siku, naye aiandike kwenye karatasi kabla ya kutia sahihi.

Tena bei ya pikipiki si mwisho wa gharama. Sisi tuliosoma misheni twalijua fungu la kumi. Basi katika kila shilingi kumi za kununulia pikipiki, tenga moja kwa ajili ya mwili wako: helmeti, jaketi lenye kung'aa, glavu, na viatu vinavyofunika kifundo. Helmeti iwe yenye alama ya ubora, ikae kichwani bila kuchezacheza, na kamba ifungwe. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kama fedha hazitoshi kwa pikipiki ya cc 150 pamoja na helmeti nzuri, nunua ya cc 100 na helmeti nzuri.

Sheria nayo tuikumbuke. Mwendeshaji wa pikipiki yake mwenyewe atake leseni ya daraja la A2, na awe ametimiza miaka 18. Bima ni lazima. Helmeti na jaketi la kung'aa ni lazima kwake na kwa abiria wake, na abiria ni mmoja tu. Msijifunze kwa rafiki jioni moja. Nendeni shule ya udereva, mkaanze kwenye uwanja mtupu, mzizoee klachi na breki ya mbele kabla ya kuliona lori.

Sasa tufike kwenye jambo linaloleta mazungumzo haya katika mkutano wa chama, maana ushauri mwingine mngeweza kuupata dukani. Ile bima ya lazima humlipa yule utakayemgonga. Wewe mwenyewe uliyevunjika mguu haikulipi. Na Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 huihesabu safari ya kwenda na kutoka kazini kuwa sehemu ya kazi pale mwajiri anapokuchukua bure kwa gari lake, likiendeshwa na mtu wake. Pikipiki yako si gari la namna hiyo. Mtu akianguka Isinya saa kumi alfajiri akielekea zamu, anaweza kukosa huku na kukosa huku. Nalo deni la Sacco huendelea, na wadhamini ni nani? Ni sisi tulioketi hapa. Tulitia sahihi kwa ajili yake, naye alitia kwa ajili yetu. Ndiyo maana twasema pikipiki ya mwanachama mmoja, ichaguliwe vizuri au vibaya, ni mali ya wengi.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mapendekezo matatu. Kwanza, mdhamini yeyote awe na haki ya kuuliza, kabla ya kutia sahihi: leseni iko wapi, helmeti iko wapi, na bei ya mwisho ni ngapi? Asione haya, wala mkopaji asikasirike. Pili, tawi litafute bei za bima ya ajali ya mtu binafsi kwa kundi, na bei za helmeti kwa jumla, tununue pamoja. Tatu, nalo ndilo kubwa, viongozi wetu wasiache kudai gari la kuwachukua wafanyakazi wa zamu za usiku na alfajiri. Mwajiri asije akasema, "Wafanyakazi wana pikipiki zao, gari la nini?" Pikipiki ni ya mtu kwenda sokoni, kanisani, na kwa wazazi wake kwa hiari yake. Kumfikisha mtu kwenye zamu wakati hakuna matatu ni jambo la kujadiliwa mezani, na asiye na pikipiki asiadhibiwe kwa kuchelewa.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Anayetaka kununua, Jumamosi baada ya mshahara tutakuwa ofisini kwa tawi tangu saa nne. Alete karatasi ya mkopeshaji kabla hajaitia sahihi, tuihesabu pamoja.

 Maswali twayakaribisha.