Mguu wa Kwanza ni Upi?

(Mazungumzo aliyoyatoa mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie ufundi wa kuchora saketi kwa kompyuta. Nitaeleza kosa langu mwenyewe, kwani ndilo ninalolijua vizuri zaidi.

Ninakaa Kariakoo, ghorofani. Maji yakitoka usiku tunawasha pampu, kisha usingizi unatuchukua. Tangi la juu hufurika, maji yakashuka ngazini mpaka stoo ya mama mmoja wa chini anayeuza khanga. Alipolowanishiwa mzigo mara ya pili, wapangaji walichanga fedha, na majirani wa majumba mengine wakajiunga. Mimi nikapewa kazi ya kutengeneza kengele kumi za kulia tangi linapojaa.

Nilitumia KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras huko Ufaransa mwaka 1992. Humo kila kifaa kina sura mbili. Ya kwanza ni alama ya kwenye mchoro, ile mliyoizoea katika vitabu vya fizikia. Ya pili ni unyayo, yaani vituo vya shaba juu ya ubao ambapo miguu ya kifaa huungwa kwa risasi. Programu huunganisha sura hizo kwa namba tu: mguu namba 1 wa alama huenda kituo namba 1 cha unyayo. Haijui kifaa gani utanunua dukani.

Nilichagua alama ambayo miguu yake ni emita, besi, kolekta, kwa kuwa nilikuwa nikifikiria transista ya 2N3904. Dukani nikapata BC547. Zote ni NPN, zote ndogo, nikaona hakuna tofauti. Lakini ukiishika BC547, upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Kinyume kabisa! Ukaguzi wa programu ulipita bila kasoro, maana namba 1 ilikuwa imekutana na namba 1 kama ilivyoagizwa.

Mbao zikaagizwa China, zikaja, nikaunga. Nilipotia volti 12, kengele ikalia kama mbu. Transista iliyowekwa kinyume haifi papo hapo. Hufanya kazi kwa unyonge. BC547 iliyokaa sawasawa hukuza mkondo mara 110 hadi 800, lakini ikigeuzwa nguvu hiyo karibu yote hupotea. Kwa siku mbili nililaumu betri. Fedha za watu zimekwisha, na yule mama kila asubuhi ananiuliza, "Baba, kengele yangu vipi?"

Nikampelekea ubao mzee mmoja fundi redio, ambaye kompyuta hajawahi kuigusa. Akaitazama transista, akapima kwa mita yake, akacheka.

"Mwanangu, umeivalisha viatu kinyume. Igeuze."

"Shikamoo tena, mzee," nikasema, maana sikuwa na neno jingine.

Besi ikiwa katikati, kuzungusha nusu duara kunabadilishana kolekta na emita, basi. Mbao zote kumi zikapona. Ningekuwa nimenunua C1815, ambayo katikati ina kolekta na besi iko pembeni, kuzungusha kusingenifaa kitu. Ningekata njia za shaba au kupindisha miguu mmoja mmoja.

Vijana, maktaba ya KiCad ina alama za NPN za mipangilio mbalimbali, na herufi za mwisho wa jina, EBC au CBE, ndizo zinazotaja mpangilio. Mimi sasa hununua kifaa kwanza, nikasoma karatasi ya kiwanda chake, nikakipima kwa mita, ndipo nikachora. Tena nauchapa unyayo karatasini kwa ukubwa wake halisi na kuchomeka kifaa chenyewe kabla ya kuagiza. Tahadharini pia na vidhibiti volti: 7805 huanza na mguu wa kuingiza umeme, LM317 huanza na wa kurekebishia, na kwa umbo ni mapacha.

Ubao mmoja nimekuja nao, uko hapa mezani. Mtaona upande bapa wa transista umeupa mgongo mchoro wake. Karibuni muushike.