Hesabu za Mbao Ngumu: Kenya na Uganda
(Hotuba kwa wanachama, Asembo Bay)

Ndugu wanachama,

Leo twataka kusema juu ya thamani ya mbao ngumu, kama mvule na mkangazi, ziingiazo Kenya na Uganda. Pengine mtu atauliza: hesabu za forodha zatuhusu nini sisi watu wa reli? Zatuhusu sana. Tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya nchi hizi mbili imepita mikononi mwa wafanya kazi. Tuketipo na waajiri kuzungumza habari ya mishahara, hesabu za biashara huwekwa mezani, na asiyejua kuzisoma huambiwa lolote.

Kwanza, thamani si wingi. Tuseme nchi ilinunua mbao 100 kwa shilingi 15 kila moja. Jumla ni shilingi 1,500. Mwaka wa pili ikanunua mbao 120 kwa shilingi 12. Jumla ni 1,440. Mwajiri akisema biashara imeshuka, karatasi itamuunga mkono. Lakini mabega yetu yamebeba mbao 20 zaidi! Basi tuulize mita za ujazo pia.

Pili, nauli. Forodha hupima thamani ya mzigo uingiao pamoja na nauli na bima. Ubao uliotoka mbali huandikwa thamani kubwa kuliko ubao kama huo uliotoka karibu. Jasho la msafirishaji limo ndani ya hesabu hiyo.

Tatu, miaka. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917. Katika vitabu vya ukoloni, mbao za Uganda zilizokuja Kenya hazikuhesabiwa pamoja na bidhaa za nchi za nje. Ziliandikwa mbali, kama biashara ya ndani ya Afrika Mashariki. Tena shilingi ilikuwa moja mpaka mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa yake. Mwaka 1987 Uganda ikaondoa sifuri mbili katika fedha zake. Anayelinganisha shilingi za 1960 na za 1990 bila kuzigeuza ni kama apimaye kitambaa kwa dhiraa ya mtu mzima, kisha kwa dhiraa ya mtoto.

Nne, mti umetoka wapi? Mbao za Kongo hupita Uganda kuja Kenya. Zikinunuliwa kwanza na mfanya biashara wa Uganda, kisha akaziuza Kenya, zitaandikwa katika nchi zote mbili. Ukijumlisha, umehesabu mti mmoja mara mbili.

Wala kununua zaidi si dalili ya utajiri siku zote. Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Haja ya mbao haikusimama. Fundi wa mashua na seremala walihitaji mbao vile vile, wakazitafuta mashambani kwa watu na nchi za jirani.

Basi, ndugu, tukionyeshwa hesabu tuulize maneno manne: mita ngapi? Nauli imo? Ni shilingi za mwaka gani? Mti umetoka wapi? Tusitie sahihi mapatano yo yote kabla hatujajibiwa.