Deni la Makande

Ndugu msikilizaji, kwa miaka mingi kila niliposafiri kutoka Babati kwenda Singida sikuipita Katesh bila kuteremka kwa Mama kula makande. Mahindi ya kukobolewa, maharage, na pembeni bakuli la maziwa mgando ya Wabarbaig. Hoteli yenyewe haikuwa na jina. Ilikuwa na mabenchi mawili na daftari. Asiye na fedha aliandikwa, akaenda zake.

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilishusha tope, mawe na magogo kutoka mlima Hanang hadi mjini. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Ukiutazama mlima ule siku ya jua, umetulia na mita zake zaidi ya 3,400, huamini. Hoteli ya Mama ilikwenda na tope. Mwenyewe alinusurika kwa sababu alikuwa Mbulu, msibani.

Juzi nimeteremka tena. Pale pale pamejengwa hoteli mpya, ina vigae sakafuni na televisheni ukutani. Nikakaa nimenuna, natafuta kasoro. Ndugu msikilizaji, sikuipata! Chipsi za moto, kuku ameiva, kijana anakunawisha mikono kwa adabu. Ila unalipa kwanza ndipo ule. Nami nimlaumu kwa lipi? Abiria wa basi akishaondoka, atamdai wapi?

Kilichonikaa kooni si kuku, ni deni. Mara za mwisho nilikula kwa Mama nikaandikwa, sahani tatu kwa hesabu yangu. Sasa daftari liko chini ya tope, nani atanidai? Nakiri, wazo lilinijia kwamba shauri limekwisha, na halikunichukiza kama lilivyopaswa.

Nikauliza habari zake, nikaelekezwa mnadani. Nilimkuta chini ya turubai, ana sufuria moja, hana hata benchi. Wateja wanakula wamechuchumaa, na bado wamejaa. Nikamwamkia, nikampa pole, nikamhesabia fedha za sahani tatu. Akazitazama bila kuzipokea.

"Nne, baba," akasema. "Na chai ya yule mwenzako mwenye kofia."

Nikaongeza. Kisha nikachuchumaa na wenzangu, nikaagiza makande.