Mahakama Inayouliza Habari za Njaa

Leo tunazungumza juu ya haki na huruma. Tumezoea kuziweka mbali mbali: haki tunamwachia hakimu na mhuri wake, huruma tunamwachia padri, mchungaji, imamu na mama mzazi. Hata tukimwombea mtu msamaha, tunasema kana kwamba tunaiomba haki isogee pembeni kidogo. Nataka kuwaonyesha kwamba dini, za kale na za leo, hazikuzigawa hivyo.

Tuanze mbali, Misri ya mafarao. Wamisri waliamini kwamba mtu akifa, moyo wake unawekwa kwenye mizani, na upande wa pili unawekwa unyoya wa Maat, mungu wa kike wa ukweli na haki. Mungu Thoth anaandika matokeo. Pembeni anangoja Ammit, mnyama mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na sehemu ya nyuma ya kiboko. Moyo ukizidi uzito, anaumeza, na habari za mtu huyo zimekwisha. Ni mahakama kali, haina rufaa. Lakini sikilizeni marehemu anavyojitetea. Anakana wizi, anakana mauaji, anakana kupunja watu kwenye vipimo. Halafu, katika maneno hayo hayo, anakana kumlaza mtu njaa na anakana kumliza mtu. Machozi ya jirani yameandikwa kwenye faili moja na mauaji!

Wakristo wanaijua mahakama nyingine, ile ya sura ya 25 ya Injili ya Mathayo. Mfalme ameketi, mataifa yote yako mbele yake. Hapo hakuna anayeulizwa alihudhuria ibada ngapi. Anaulizwa habari za wenye njaa na kiu, za mgeni, za aliyekosa nguo, za mgonjwa na mfungwa. Waislamu nao wana Surat al-Maun, sura ya 107 ya Kurani, fupi kiasi kwamba mtoto wa madrasa anaihifadhi mapema. Inauliza ni nani anayeikanusha hukumu ya Mungu, na anayetajwa ni yule anayemsukuma yatima na asiyehimiza maskini alishwe. Kisha inawageukia wanaosali ili waonekane, huku wakinyima hata msaada mdogo.

Karne nyingi zinatenganisha mahakama hizi tatu, wala hazina hakimu mmoja. Ila ushahidi zinaoudai unafanana: onyesha ulivyomtendea mnyonge. Kwa maana hiyo, huruma haisimami nje ya mahakama ikingoja kuwabembeleza walioshindwa kesi. Ndiyo kesi yenyewe.

Hapa mjini kwetu Lubumbashi kuna sinagogi ya Wayahudi. Wengi tunapita mbele yake bila kujua kwamba waumini wake wengi walikuwa watu waliotoka kisiwa cha Rhodes enzi za ukoloni. Marabi wa kale wa Wayahudi walisimulia kwamba Mungu, alipotaka kuumba dunia, alikuwa kama mfalme mwenye bilauri nyembamba. Akimimina maji ya moto zitapasuka, akimimina ya baridi kali zitapasuka vilevile. Basi akayachanganya. Ndivyo, kwa masimulizi yao, dunia ilivyoumbwa kwa haki na huruma pamoja, ipate kusimama.

Sasa turudi kwa bakulu wetu Waluba. Hadithi ya Nkongolo Mwamba ina matawi mengi, na kila mzee ana tawi lake. Mkisikia tofauti na nyumbani kwenu, msinikasirikie. Nkongolo alikuwa mfalme mwekundu, mlevi na mkatili. Wanasimulia kwamba mama yake alimcheka aliposhindwa mchezo, naye akaamuru azikwe akiwa hai. Kutoka mashariki akaja mwindaji Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, asiyekula mbele ya watu. Akaoa dada za Nkongolo, na mmoja wao, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga. Kijana akakua hodari, mjomba akaingiwa na hofu. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika kwa mikeka, kisha akamwita mpwa wake aje kucheza ngoma.

Hapo ndipo napenda kukaa kidogo. Mpiga ngoma ni mtumishi wa mfalme. Anakula kwa mfalme, na kichwa chake kiko mikononi mwa mfalme. Anaona kijana anakaribia mkeka, na kwa mlio wa ngoma anamwonya. Kalala anaruka, anakimbia, anavuka Lualaba hadi kwa baba yake, na siku moja anarudi na jeshi kumwondoa Nkongolo. Wanaosimulia humsifu shujaa, na ni sawa. Lakini bila yule mpiga ngoma, utawala mpya wa Kalala ungeishia shimoni. Huruma ya mtu mdogo, asiye na cheo, ndiyo iliyoifungulia haki mlango. Na aliijua bei yake.

Desemba 1941, mji huu ukiitwa bado Élisabethville, hakupatikana mpiga ngoma. Vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu, na mishahara ya wafanyakazi weusi wa kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa midogo. Waligoma. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron akafika na askari, risasi zikapigwa, makumi ya watu wakafa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea. Walichodai ni mshahara wa kulisha nyumba zao. Kwa hiyo njaa ilifikishwa mbele ya wakuu wa mji, katika nchi iliyotawaliwa na watu waliosoma Mathayo, na jibu likawa bunduki. Mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu alilichora tukio hilo miaka ya 1970, katika historia yake ya nchi kwa picha, asije mtu akasema halikutokea.

Kuna watu watauliza: je, tusisamehe? Tusamehe. Ila tujifunze kwa Isidore Bakanja, kijana wa Equateur hapa Kongo, mfanyakazi wa shamba la Wazungu. Mwaka 1909 bosi wake Mbelgiji aliamuru apigwe viboko kwa sababu ya imani yake, na vidonda vile vikamuua. Kabla ya kufa alisema wazi nani alimpiga na kwa nini. Halafu akamsamehe, akaahidi kumwombea. Ushahidi kwanza, msamaha baadaye, na vyote viwili kutoka kinywani mwa aliyeumizwa mwenyewe. Mkubwa anayemwambia mnyonge “samehe tu, yaishe” kabla jambo halijatajwa hana huruma. Anatafuta usingizi wake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Bakanja mwenyeheri mwaka 1994, na Wasalesiani wa Don Bosco wameipa jina lake nyumba ya kuwapokea watoto wa barabarani hapa Lubumbashi.

Watoto hao ndio waliofanya nichague somo la leo. Baadhi yao hawakutoroka nyumbani, walifukuzwa. Baba alikufa, au biashara ya mjomba ilianguka, na mtoto akaambiwa ni mchawi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa kambo, yaani yule yule wa Surat al-Maun anayesukumwa mlangoni. Inauma zaidi pale anayemsukuma amebeba Biblia mkononi.

Sasa chukueni kalamu. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inampa anayemshtaki mtoto uchawi kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Bapapa na bamama, ukisikia kwenye paseli ya jirani mtoto ananyimwa chakula mpaka aungame, usingoje kuambiwa ni mambo ya familia yao. Mwite shefu wa avenue, nenda komini, nenda tribinali ya watoto, na uwatajie kifungu hicho kwa namba yake: 160.