Habari za Chuo cha Sewanee na Mashindano Yake ya Mpira
(Hotuba kwa walimu na Wakristo katika siku za Yubile)



Siku hizi za yubile tumekumbuka makanisa na shule zilizojengwa na wazee wetu. Sasa twapenda kuwaeleza habari za chuo kimoja cha Kanisa huko Marekani, kwa maana mambo yake yatufaa sisi tulio na shule zinazoshindana kwa mpira.

Chuo hicho kipo Sewanee, juu ya mlima, katika jimbo la Tennessee. Maaskofu wa Kianglikana wa upande wa kusini walikianzisha mwaka 1857. Vita vikaharibu kazi yao. Kisha Askofu Quintard akaenda Uingereza kuomba msaada, na mwaka 1868 kikafunguliwa na wanafunzi 9. Mpira wao si kama wetu: huchukuliwa mikononi, na mwenye kukimbia nao huangushwa chini na wapinzani.

Mshindani wao mkubwa alikuwa Vanderbilt, chuo cha Nashville kilichoanzishwa na Wamethodisti mwaka 1873. Tangu mwaka 1891 hata 1944 walipambana mara 52: Vanderbilt ilishinda 40, Sewanee 8, na mara 4 walitoka sawa. Mwaka 1899 hawakupambana, kwa kuwa waligombana juu ya fedha za kiingilio. Ndipo mwanafunzi Luke Lea, msimamizi wa timu ya Sewanee, alipotafuta michezo mahali pengine ili fedha zipatikane.

Basi wakasafiri kwa gari la moshi kama maili 2,500. Kuanzia Novemba 9 walicheza mara 5 katika siku 6, na Texas, Texas A&M, Tulane, Louisiana State na Mississippi; siku ya Jumapili wakapumzika. Wote 5 wakashindwa, wala hapana aliyepata hata alama moja. Mwaka ule Sewanee ilishinda michezo yake yote 12, kwa alama 322 juu ya 10.

Walakini habari haziishi hapo. Mwaka 1932 Sewanee iliingia katika shirikisho pamoja na vyuo vikubwa sana, ikacheza michezo 37 ya shirikisho hilo, isishinde hata mmoja. Mwaka 1940 mkuu wake, Alexander Guerry, akakitoa chuo humo, kwa kuwa hakukubali wanafunzi walipwe kwa ajili ya mpira. Hata leo hucheza na vyuo vidogo, wala wachezaji hawapewi fedha za masomo kwa sababu ya mchezo.

Tena liko jambo zito zaidi. Askofu Polk, mmoja wa waanzilishi, alikuwa na watumwa wengi, na mali iliyokianzisha chuo ilitoka kwa watu wa namna hiyo. Katika miaka hii chuo chenyewe kimeanza kuyachunguza mambo hayo na kuyaandika wazi.

Nasi twasema hivi: ni rahisi kuandika habari za mwaka 1899 na kuyaacha mengine. Lakini kitabu cha yubile kikitaja ushindi tu, watoto wetu watajifunza kujisifu, wala hawatajua kushukuru. Kwa hiyo, walimu, wafundisheni vijana kucheza kwa bidii, wasimchukie jirani, wala wasinunuliwe. Na tunapohesabu miaka ya dayosisi yetu, tuyataje pia yaliyotushinda, na watu waliodhulumiwa, ili shukrani zetu kwa Mungu ziwe za kweli.